Likizo ya Kamba Ndefu

Jumatatu, 5 Julai 2004

Upepo wa mlimani tangu alfajiri. Bendera ya kituo imechanika tena, upande uleule nilioushona Pasaka. Nitashona tena.

Theodory anataka kuacha kazi. Amenijia baada ya paredi, akapiga saluti safi, akasema kuna kampuni ya ulinzi Arusha inayochukua askari waliopita mafunzo ya depo. Soko huria limetuharibia. Zamani askari aliyechoka alikuwa hana pa kwenda, akabaki. Nikamwuliza kama shida ni mshahara. Hapana, afande. Baridi? Baridi ipo, afande, lakini hapana. Ni likizo. Kwao ni Songea, mkewe Frida ni mjamzito, na ratiba humpangia Machi kila mwaka, barabara zikiwa zimekatika. Machi iliyopita likizo yake yote iliishia Singida, akisubiri maji yapungue.

Ni askari mzuri. Hufuta vumbi redio ya upepo, ile ya kuitana na vituo vingine, bila kuambiwa.

Nisiseme uongo hapa, najifikiria na mimi. Kituo chetu ni kidogo: askari watatu, na mimi sajenti ndiye mkuu wao. Amri inasema mkuu hawezi kutoka wilayani bila kuacha askari watatu. Akiondoka Theodory nitabaki na Hhando na polisi wetu wa kike, WP Letisia, na mimi nimefungwa hapa. Na Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 17, lazima niwe nyumbani Nambis, Mbulu. Ni misa ya mwaka mmoja tangu mke wangu Marieta afariki. Padri atabariki msalaba. Nimemwahidi binti yetu Evaline.

Jioni nachemsha chai, nikamkumbuka mtamba wa Marieta. Majirani Nambis hufunga ng'ombe kwa kamba fupi, na kila wiki kuna anayeikata akaingia kwenye mahindi ya watu. Marieta alimfunga wake kwa kamba ndefu. Hakukata hata siku moja. Watu wakamwuliza dawa yake nini. Akasema hakuna dawa, ng'ombe anajiona anatembea.

Nikaweka kikombe chini. Askari naye ni hivyohivyo! Likizo ifunguliwe. Kila mtu achukue siku zake anapotaka, kwa vipande, abadilishane na mwenzake, aazime, arudishe. Nimeipa jina: Likizo ya Kamba Ndefu. Sijui kwa nini hakuna afande aliyewahi kuiwaza.

Jumanne, 6 Julai

Nimetangaza paredini. Letisia ameniuliza kama nimeamka na homa. Hhando akauliza kama kamba yenyewe inafungwa shingoni au mguuni, ajiandae. Wakacheka. Nimewaacha wacheke. Mtu mwenye jambo jipya huchekwa kwanza.

Theodory hakucheka. Akauliza kwa sauti ndogo anaweza kuanza lini. Nikamwambia kesho, ajipe siku nne. Akawa kama anahesabu kitu kwa vidole nyuma ya mgongo. Halafu akasema asante, afande, na ile kampuni ataiambia isubiri.

Ushindi! Nimekula mayai mawili.

Alhamisi, 8 Julai

Kamba ndefu inafanya kazi, lakini ina mambo yake.

Letisia amechukua likizo ya asubuhi. Yaani asubuhi yuko likizo, mchana yuko kazini. Anaishi hapahapa kota. Amekaa kibarazani kwake anasuka nywele na kututazama. Mzee mmoja amekuja kuripoti mbuzi aliyepotea, akamwona, akamwendea. Letisia akamwamkia shikamoo vizuri, kisha akamwambia yeye yuko likizo, arudi saa saba. Mbuzi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya Letisia, anatafuna kanga.

Hhando amempa Letisia Jumapili zake mbili, Letisia akampa jogoo. Jogoo yuko kaunta, kafungwa kamba ya kiatu mguuni. Redio ikiita, anawika. Makao makuu wameuliza kama tumevamiwa.

Mchana Letisia ameniita nje kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo, ambako simu yake hushika mtandao. Evaline alikuwa hewani. Baba, shikamoo. Marahaba mwanangu. Akauliza kama nitafika kweli, maana katekista anataka jina la mtu wa kusoma somo la kwanza. Nikasema aandike langu. Akauliza tena: niandike kweli, baba? Andika, nikasema. Nikamwambia pia amwongezee mtamba kamba, iwe ndefu zaidi ya alivyokuwa akifunga mama yake. Sikuona haja ya kumweleza sababu.

Huyo mtoto ana haki ya kuuliza mara mbili. Mama yake alikuwa na maneno yake. Watu wakimwuliza mumeo yuko wapi, alisema yuko likizo mwakani. Kanisani, sokoni, kwenye harusi za watu. Yuko likizo mwakani. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka, kila nilipoletewa habari. Mavuno yakija nitakwenda, nilisema. Halafu mavuno yakija, kuna askari ameondoka, mwingine hajaletwa.

Alipofariki nilipewa ruhusa ya msiba ya wiki nzima. Tangu tuoane sikuwahi kukaa naye nyumbani muda mrefu namna ile, na hakuwepo.

Nimeanza kujizoeza kusoma kwa sauti. Jogoo ananisikiliza.

Jumamosi, 10 Julai

Theodory amerudi. Siku ya nne barabara, na ana vumbi hadi kwenye kope. Nikamwuliza Frida hajambo? Akasema kwa simu hajambo. Nikamwuliza kwa simu vipi. Akaeleza kwa adabu kabisa. Siku ya kwanza alifika Singida. Siku ya pili Dodoma. Hapo nusu ya likizo ikawa imekwisha. Akampigia mkewe kutoka stendi, akanunua zabibu, akapanda gari la kurudi.

Mimi kwetu ni Mbulu, napanda gari asubuhi na kabla ya adhuhuri niko nyumbani. Nilikata vipande vya likizo kwa kipimo cha kwetu. Sikuwaza kwamba Songea haiji kwa vipande.

Letisia amewaza. Anasema alijua tangu Jumanne. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Ati nilikuwa na furaha sana, asingeweza.

Theodory akasema si neno, afande, nashukuru, nimeiona Dodoma. Akanipa zabibu zangu kwenye karatasi. Si msimu wake, zilikuwa chachu. Nimezila zote mbele yake.

Jumatatu, 12 Julai

Mambo yameharibika. Au yametengenea, sijui bado.

Asubuhi Theodory alikuwa juu ya kichuguu, amesimama kama mlingoti, simu ya Letisia sikioni. Aliposhuka alikuwa amebadilika rangi. Frida amelazwa. Uchungu umeanza kabla ya siku zake na madaktari wanamtazama. Theodory hakuomba kitu. Aliingia kaunta, akaanza kufuta redio.

Nilimtazama akifuta. Evaline alipozaliwa nilikuwa lindo la benki Arusha. Marieta alimtuma mtu aje kuniambia ni msichana, na mtu yule alinikuta nimesimama mlangoni na bunduki, akaninong'oneza, na sikuruhusiwa hata kugeuza shingo. Nilicheka huku natazama mbele.

Basi nimemwita ofisini nikamwambia kamba yake fupi, lakini mimi ninayo ndefu ambayo sijaitumia. Namwazima likizo yangu. Yote ya mwaka huu. Kesho aondoke, aende mpaka kwa Frida, na asikanyage Dodoma isipokuwa kubadilisha gari. Atanirudishia siku ya kurudisha.

Akalia. Askari mrefu vile. Nikatazama kalenda ukutani ili asione haya.

Nikiwa nimeitazama kalenda ndipo nikaona: nimeitoa likizo yangu, na nimemtoa askari wa tatu, siku tano kabla ya misa. Jumamosi ni siku moja tu, nitajipa ruhusa ya siku moja. Lakini askari wa tatu nitampata wapi?

Ninalo wazo. Si zuri.

Jumatano, 14 Julai

Wazo ni Sajenti Reginald.

Reginald ana kituo kikubwa mbele yetu kwenye barabara ya Singida. Ana umeme. Ana televisheni. Ana askari tisa na hajapoteza hata mmoja tangu mkoa wa Manyara uanzishwe, kwa sababu kila askari mgeni humtafutia mchumba kabla hajafungua begi. Kila tukiongea redioni huniuliza kama bado niko na jogoo wangu. Hii ni tangu habari ya jogoo ilipomfikia. Kabla ya hapo aliniuliza kama bado niko.

Nimemwita kwa redio. Nimemwomba askari mmoja wa kushika zamu Jumamosi, alfajiri mpaka jioni. Nimemweleza ni misa ya Marieta. Akasema pole sana, Mzee Sulle, na nadhani alikuwa anasema kweli. Kisha akauliza nimefanyaje mpaka Theodory akabaki, maana yeye alisikia ameshaondoka. Nikamweleza Kamba Ndefu yote, tangu mtamba mpaka mwisho. Akasema hm. Akasema hm tena.

Halafu akasema askari nitampata, lakini kwa sharti. Niseme redioni, vituo vyote vikisikia, kwamba ile penalti ilikuwa halali.

Penalti ile! Fainali ya vituo, dakika za mwisho. Hhando alimgusa mtu wao nje ya kumi na nane, nje kabisa, karibu na mbuzi waliokuwa wanachungwa. Refa akaweka mpira kwenye nukta. Marieta alikuwepo, alikuwa ameniletea maziwa. Aliingia uwanjani na kanga yake, akamwendea refa, kwanza akamwamkia shikamoo kwa sababu alikuwa mtu mzima, kisha akamwambia kwamba ni mwongo. Refa akaitikia marahaba.

Nimesema. Ilikuwa halali, nimesema, na vituo vyote vimesikia. Kituo fulani wameshangilia. Jogoo akawika. Hhando ametoka nje na mpaka sasa hajaongea nami.

Nisamehe, Marieta. Nilikuwa nanunua njia ya kuja kwako.

Ijumaa, 16 Julai

Nimefungua sanduku la bati nililolichukua nyumbani baada ya msiba, nimetoa suruali ya likizo.

Marieta ndiye aliyeishona, ya kijivu, mwaka ule ambao likizo yangu ilikuwa karibu kabisa. Akasema ukija likizo sitaki uvae kaki, watoto watakuona umekuja kukamata mtu. Ilikaa sandukuni na dawa ya nondo. Kila mwaka aliitoa, akaipiga pasi, akairudisha. Mstari wa pasi bado upo, umenyooka kama rula.

Nimeivaa. Haifungi. Nimevuta pumzi, haifungi. Letisia alipita mlangoni, akarudi, akasema afande, hiyo suruali inataka kesi. Nimetoboa matundu kiunoni nikapitisha kamba. Koti litafunika.

Somo nalijua sasa kwa moyo. Gari la Babati hupita saa kumi na mbili asubuhi. Nitashuka Dareda, nipande la Mbulu, niwe kanisani kabla ya kengele ya pili. Askari wa Reginald atafika saa kumi na moja. Kila kitu kimekaa sawa.

Jumamosi, 17 Julai

Saa kumi na moja, hakuna mtu. Saa kumi na moja na nusu nimesimama barabarani na suruali ya likizo na begi. Saa kumi na mbili gari la Babati likapunguza mwendo. Kondakta akanipungia mkono. Nikampungia. Likaenda.

Nimemwita Reginald. Akajibu askari mgeni, yuko peke yake. Akasema wote wako likizo, afande. Sajenti Reginald ameanzisha utaratibu mpya, unaitwa Likizo ya Kamba Ndefu, ameubuni mwenyewe. Na Sajenti mwenyewe yuko wapi? Yuko likizo ya asubuhi.

Hhando akanijia. Hasira ya penalti imemwisha, au ameiweka pembeni. Akasema kwa Kiiraqw, taratibu, kama anavyosema na baba yake, nenda. Letisia akasema nenda, afande, sisi wawili tutajifanya watatu, jogoo naye ana cheo. Kulikuwa na lori la vitunguu linaelekea Dareda. Nilishika mlango wake. Nikafikiria amri. Nikafikiria je, akija mtu? Nimekuwa mtu wa je-akija-mtu maisha yangu yote. Nikauachia mlango.

Na mtu akaja. Saa nne kasoro, Land Rover ya mkoa. Inspekta Veronica, kutoka Babati. Amekuja kuangalia kwa macho yake ule utaratibu mpya wa likizo ambao Sajenti Reginald ameuripoti juzi, maana mkoa unapoteza askari kila mwezi. Amefurahi kusikia kwamba hata kituo kidogo kama chetu kimeshauiga. Akanitazama kuanzia juu hadi chini. Akauliza mbona niko kiraia. Wakati huo kamba ya kiuno ilikuwa inaning'inia nje ya koti.

Nilipaswa kusema. Neno moja tu. Ana uso wa mtu mwema, ana pete ya ndoa, angeelewa. Angeweza hata kunipeleka na Land Rover. Badala yake nikasema, najaribu nguo, afande.

Akaomba chai.

Misa ilikuwa saa nne na nusu. Wakati padri anabariki msalaba wa Marieta, mimi nilikuwa nakoroga sukari kwenye kikombe cha Inspekta, vijiko viwili, nikimsikiliza akisifu akili za Reginald. Nilikuwa nasoma somo kimoyomoyo. Nilifika mpaka mwisho. Nikasema, Neno la Bwana. Kumbe nimesema kwa sauti. Letisia, kutoka kaunta, akaitikia, Tumshukuru Mungu. Inspekta akatutazama, akanywa chai.

Alipoondoka Letisia alimsindikiza mpaka kwenye gari. Sikusikia walichosema. Land Rover ilikaa pale muda, injini inaunguruma. Saa tisa redio ikaita: Sajenti Sulle aondoke kwenda kwao mara moja, siku tatu, na asibishane, hiyo ni amri.

Magari ya kwenda Mbulu yalikuwa yameshapita yote.

Jumapili, 18 Julai, Nambis

Nimefika jioni, magari ya Jumapili ni machache. Turubai limeshakunjwa. Viti vya kanisa vimesharudi kanisani. Uani kuna majivu ya mafiga matatu makubwa, na kuku wanachakura punje za wali.

Nilifikiri Evaline atanilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, njia nzima nilipanga majibu. Akasema shikamoo baba, akanipokea begi, akanipashia makande yaliyobaki. Akaona kamba ya suruali. Akaingia ndani akarudi na sindano, akakaa chini kuiachia mishono kiunoni, na mimi nimejifunga shuka. Mama yake alikuwa anashika uzi kwa meno vilevile.

Nikauliza nani alisoma somo la kwanza. Akasema yeye. Jina langu lilishaandikwa, katekista akaliita mara mbili, watu wakageuka kutazama mlangoni. Padri akauliza baba yuko wapi.

Ukasema nini, nikauliza.

Akakata uzi, akajibu: Nikasema yuko likizo mwakani.

Akina mama wote walicheka, alisema. Walicheka sana, pale kanisani, na padri naye. Halafu wakaanza kulia, kwa sababu sauti ilitoka kama ya mama.

Nimekwenda kaburini kabla giza halijaingia. Msalaba ni mzuri. Nimesoma somo lote, mimi peke yangu, nikiwa na suruali inayofunga. Mtamba alikuwa karibu. Kamba yake ndefu ameizungusha yote kwenye mti, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka pua imegusa gome. Alikuwa ametulia tu, ananitazama. Nilimrudisha nyuma pole pole mpaka kamba ikawa ndefu tena. Nilipofika mlangoni nikageuka. Alikuwa ameshaanza kuzunguka.

Jumatano, 21 Julai

Kituoni. Bendera imechanika.

Evaline amenipigia pasi suruali kabla sijaondoka. Nimeirudisha sandukuni na dawa ya nondo.

Reginald amepewa barua ya pongezi. Ameniita redioni kuniuliza kama nina ushauri wowote kuhusu kamba ikiwa ndefu kupita kiasi, maana askari wake wawili wameonekana Arusha na sare za kampuni ya ulinzi. Nikamwambia aweke televisheni ya pili.

Mchana, kichuguuni, Theodory! Frida amejifungua salama. Mtoto wa kike, mdogo lakini analia kwa nguvu, alinisikilizisha. Wanamwita Marieta. Hakuniuliza kwanza, aliomba radhi kwa hilo. Nikasimama pale juu nimeshika simu mpaka Letisia akafikiri mtandao umekatika.

Kisha Theodory akasema kwamba atarudi, afande, kweli atarudi, ila Frida bado dhaifu na siku nilizomwazima zimebaki chache ukiondoa za safari. Ni mtu wa adabu, haombi.

Letisia alikuwa ananitikisia kichwa kutoka chini ya kichuguu. Anasema harudi huyo. Anasema Songea nako kuna benki, na benki zina milango ya kulindwa. Anasema afande, ukitoa kitu chochote leo, mimi nakwenda na jogoo wangu. Hhando akamkumbusha kwamba jogoo ni wake.

Lakini wao hawakumsikia mtoto akilia. Na mtu akipewa nafasi ya kutosha kukaa na mkewe, kwa nini asirudi? Nina hakika kosa la mwanzo lilikuwa kamba fupi.

Nimempa. Nimempa na ya mwaka ujao, yote.

Halafu nikampigia Evaline nikamweleza habari njema za mtoto. Alifurahi. Akauliza, basi misa ya mwaka wa pili, baba, utakuja? Niandike jina lako?

Andika, nimemwambia. Nitakuwa likizo mwakani.